Ufunguo kwanza: mwongozo kamili wa kumpatia chumba mtu asiye na pa kulala Dodoma

Watu wasioijua Dodoma hudhani ni nchi ya joto mwaka mzima. Waje Julai. Upepo huanza jioni, na ikifika saa nane za usiku baridi inapenya hadi ndani ya nyumba za tofali, sembuse kwenye baraza la duka. Pita wakati huo kandokando ya Soko la Majengo, Barabara ya Saba, au karibu na stendi ya mabasi Nzuguni. Utakuta watu wamejikunja juu ya maboksi, viatu wamevilalia visiibwe.

Kikundi chetu kilianza na mablanketi. Tuko kumi na wawili, wengi mama lishe na wauza mitumba wa mtaa mmoja. Tulichanga, tukanunua, tukagawa usiku pamoja na uji wa mtama. Wiki mbili baadaye tuliyaona mablanketi yetu yanauzwa chini kwa bei ya kutupa. Wengine kati yetu waliudhika, wakasema watu hawa hawasaidiki. Ndipo mama mmoja akaenda kumuuliza mzee aliyeuza lake. Mzee akamjibu kwa upole: "Mchana ningeliweka wapi, mwanangu?" Akilibeba, hawezi kubeba mizigo sokoni, na mizigo ndiyo chakula chake. Akiliacha, linaibwa. Kuliuza asubuhi kulimpa angalau chai.

Hapo ndipo tulipoelewa kwamba mtu asiye na mlango hawezi kumiliki hata blanketi. Hana pa kuweka dawa za kumeza kesho, hana pa kuficha shilingi elfu tano, hana pa kukaushia nguo ya kwendea kwenye kibarua. Tangu siku ile tunafanya jambo moja tu: mtu mmoja, chumba kimoja chenye kufuli, na mwanakikundi mmoja wa kumtembelea mpaka asimame. Kisha tunaenda kwa mwingine. Ufini iliifanya njia hii ya kuanza na nyumba kuwa sera ya taifa tangu 2008, na huko hawamwambii mtu aache pombe kwanza ndipo apewe ufunguo. Fedha za Ufini hatuna, lakini mpangilio wao tunauweza. Haya ndiyo tunayoyafanya, hatua kwa hatua.

Kabla ya yote: mjue ni nani analala nje

Dodoma imekua haraka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Katikati ya sensa hizo Serikali ilianza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, na 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Mji wa Serikali Mtumba ukajengwa, barabara ya mzunguko ya kilomita 112 ikaanza, na vijana wakaja kutoka Bahi, Chemba, Kondoa, Manyoni na kwingineko kusaidia mafundi. Saidia fundi hulipwa kwa siku. Saiti ikifungwa, mshahara umekwisha, na kodi ya geto inakwisha mwezi unaofuata. Kijana wa namna hii anaweza kulala nje wiki tatu bila mtu yeyote kujua, kwa sababu asubuhi ananawa bombani sokoni na kuonekana kama wengine. Huyu ndiye rahisi kuliko wote kumsaidia, na ndiye anayesahaulika kuliko wote.

Wapo wazee wa Kigogo, wenyeji wa mkoa huu, wanaoingia mjini mvua zikikosekana. Nataka niseme jambo hapa kwa sababu linaniuma. Watu huwacheka Wagogo kuwa ni ombaomba. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka. Ikikatika Februari, mtama na uwele vimekwenda. Wazee wa Ugogo wana neno la kile kinachofuata: kuhemea, yaani kutoka kwenda kutafuta chakula kule kilipo, kwa kubadilishana, kwa kibarua, kwa undugu. Njaa kubwa ya 1917 hadi 1920, iliyobaki katika kumbukumbu zao kwa jina la Mtunya, ilikuja baada ya majeshi ya vita vya Wazungu kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Tangu hapo na kabla ya hapo, kuhemea ndiko kulikookoa ukoo. Mzee aliyekaa na kopo mbele ya duka anaweza kuwa anahemea mahali ambapo hakuna tena ndugu wa kumpokea.

Wapo wajane waliotolewa kwenye nyumba na ndugu wa marehemu, wanawake waliokimbia kipigo, na wagonjwa wa akili waliopona bila mtu wa kuja kuwachukua. Wapo watu wenye ulemavu walioletwa mjini na mtu mwingine anayekusanya pesa jioni. Watoto nitawaeleza peke yao, kwa sababu sheria yao ni tofauti kabisa.

Hatua ya 1: Pesa ziwepo kabla ya mtu

Kosa tulilofanya mara ya kwanza ni kumwahidi mtu chumba siku tulipokutana naye. Tukachanga, mchango ukachelewa, na yeye akasubiri wiki sita barazani huku akitutazama tukipita. Alipoacha kuitikia salamu zetu tulijua tumemuumiza. Msimwahidi mtu kitu mpaka pesa ya miezi mitatu iwe mkononi.

Hesabu yetu kwa mtu mmoja huwa hivi. Tuseme chumba cha pembeni kidogo ya mji ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Wenye nyumba wengi hutaka miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Tunalipa mitatu, 120,000. Godoro, 70,000. Ndoo mbili, sufuria, jiko la mkaa, sahani, kikombe, blanketi na kufuli jipya, 60,000. Chakula cha mwezi wa kwanza kwa shilingi 3,000 kwa siku, 90,000. Jumla 340,000. Watu kumi na wawili wakitoa 10,000 kila mwezi, ndani ya miezi mitatu wana 360,000, na zile 20,000 zinazobaki ni za nauli na dharura. Bei hupanda na kushuka, na kodi ya mtaa wa Kisasa si ya Nkuhungu, kwa hiyo fanyeni hesabu yenu kwa bei za mtaani kwenu.

Pesa zikae kwa mweka hazina, daftari likae kwa katibu, na yeyote katika kikundi aruhusiwe kuliona siku yoyote. Mkiwa mna kikundi cha kuweka na kukopa tayari, tengeni mfuko wa jamii ndani yake. Afisa maendeleo ya jamii wa kata atawaelekeza kuhusu usajili na katiba. Hilo halichukui muda mrefu.

Hatua ya 2: Ofisi tatu mnazopaswa kugonga hodi

Anzeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mwende wawili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, mumweleze mnachotaka kufanya kabla hamjakifanya. Bila yeye hakuna barua ya utambulisho, na bila barua mtakwama kila mahali. Mwenyekiti mzuri atawapa pia mjumbe wa kuwaonyesha vyumba, na hapo mmeokoa mwezi mzima wa kodi ambao dalali angeuchukua.

Ofisi ya pili ni ya afisa ustawi wa jamii, katika kata kama yupo au katika halmashauri ya jiji. Huyu ndiye mwenye mamlaka kisheria kwa watoto, wazee wasio na ndugu na watu wenye ulemavu. Mpelekeeni majina ya viongozi wa kikundi na namba za simu, mkubaliane ni lini mtamwita. Maafisa hawa ni wachache na kazi ni nyingi. Ukimfikia na taarifa kamili, yaani mtu ametoka wapi, ana umri gani, ana maradhi gani, nani anaweza kuwa ndugu yake, unampunguzia nusu ya kazi na atakukumbuka.

Ya tatu ni polisi kata. Watu huogopa, nasi tuliogopa. Lakini Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika vifungu vya 176 na 177, ina makosa ya uzururaji ambayo yanaweza kumwangukia mtu kwa sababu tu amekutwa usiku hana pa kwenda. Polisi wa kata akijua kwamba fulani yuko chini ya uangalizi wa kikundi na ana chumba anachokiendea wiki ijayo, huwa rahisi kumpigia simu mwanakikundi badala ya kumpakia kwenye gari.

Hatua ya 3: Mazungumzo, na subira yake

Msiende kundi zima. Waende wawili, wasio na sare wala kamera. Saa nzuri ni jioni kabla maduka hayajafungwa, wakati mtu bado hajalala na hajaanza kuogopa. Salimu kwanza kwa heshima ya umri wake. Mzee ni shikamoo, hata kama amelewa. Kama ni Mgogo, mwambie "Mbukwa", usubiri akuitikie. Salamu ya nyumbani humkumbusha mtu kwamba bado ana nyumbani. Usisimame juu yake, chuchumaa au kaa.

Siku ya kwanza usiulize historia. Nunua chai, kunyweni wote, zungumzeni habari za mvua. Siku ya pili au ya tatu uliza vitu vitatu tu: usiku anaogopa nini, mwili unamuuma wapi, na kama angepata ufunguo wa chumba kesho angeweka nini ndani. Swali hili la mwisho lina nguvu kuliko linavyoonekana. Mwanamke mmoja aliyekuwa akilala karibu na stendi alitujibu, "Ningeweka ndoo." Tulimuuliza ndoo ya nini. Akasema miezi minane hajaoga akiwa amefunga mlango.

Asiyetaka, mwacheni, lakini endeleeni kumsalimu. Kuna aliyetukataa mara tano. Mara ya sita alitufuata mwenyewe.

Msimpige picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inalinda taarifa za mtu, na hata isingekuwepo, picha ya mtu amelala kwenye boksi inayozunguka kwenye makundi ya simu itamfuata mpaka siku anayoomba kazi. Wachangiaji wetu tunawapa hesabu ya pesa, hatuwapi sura za watu.

Mkigundua kuna mtu mwingine anayekusanya pesa za yule anayeomba, rudini nyuma na mpeleke jambo hilo polisi na ustawi wa jamii. Huo unaweza kuwa usafirishaji haramu wa binadamu. Kikundi cha mtaa hakina uwezo wa kupambana nao, na anayeadhibiwa mkikosea ni yule anayeomba.

Mkikutana na mtoto

Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Mtoto msimchukue nyumbani kwenu, hata kwa usiku mmoja, bila ustawi wa jamii kujua. Najua linavyouma kumwacha. Lakini mtoto aliyechukuliwa kimyakimya hana ulinzi wowote ikiwa aliyemchukua si mtu mwema, na sheria lazima itufunge sote ili imfunge huyo.

Piga 116, namba ya huduma kwa mtoto isiyo na malipo. Au mpelekeni kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na mmoja wenu abaki naye mpaka afisa ustawi afike. Kubaki naye ndiyo kazi yenu kubwa usiku huo. Afisa ataanza kutafuta familia, kwa sababu sheria inataka mtoto alelewe katika familia kwanza. Ikishindikana, au nyumbani ndiko kulikomdhuru, kuna familia za kuaminika zilizokwisha kuchunguzwa na ustawi wa jamii, na kuna makao ya watoto yenye leseni. Dodoma tuna Makao ya Taifa ya Watoto Kikombo, na yapo ya mashirika ya dini kama Kijiji cha Matumaini cha Wamisionari wa Damu Azizi, ambacho kililenga watoto walioguswa na UKIMWI.

Watoto wanaovuta gundi huwa hawakai popote siku za kwanza. Hutoroka, hurudi, hutoroka tena. Afisa akikwambia ametoroka, usilaumu; mtafute pale pale ulipomkuta mwanzo, maana ndipo anapopajua. Mkitaka kufanya zaidi kwa watoto, ombeni wanandoa wa nyumba moja au mbili kati yenu wachunguzwe na ustawi wa jamii wawe familia ya kuaminika. Mji unazihitaji sana.

Na jambo moja dogo: acheni kuwaita chokoraa, hata mkiwa peke yenu.

Hatua ya 4: Chumba na mwenye nyumba

Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu, na ndiyo tuliyokosea zaidi. Chumba cha kwanza tulikichukua kwa sababu ni rahisi, mbali kabisa nje ya mji. Mtu wetu alikuwa mbeba mizigo wa sokoni. Nauli ya kwenda na kurudi ilimla, na baada ya siku kumi na moja akarudi kulala barazani ili alfajiri awe karibu na magari ya mboga. Chumba kilikuwepo na kilikuwa kizuri. Kilikuwa tu mbali na maisha yake.

Chagueni chumba ambacho mtu anaweza kutembea kwa miguu kufika anakopatia riziki au matibabu. Chang'ombe, Makole, Kikuyu na sehemu za Nkuhungu zina vyumba vya uani vya bei nafuu. Angalieni mlango kabla ya ukuta: una komeo la ndani na pete ya kufuli nje? Choo kiko umbali gani usiku? Bomba liko uani au maji ni ya kununua? Paa linavuja? Umeme si lazima mwezi wa kwanza, na mita ya Luku, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ikiwa ya pamoja huleta ugomvi, kwa hiyo kama upo, kubalianeni mapema nani analipa kiasi gani. Kwa mwanamke anayeishi peke yake, uani pawe na wapangaji wanawake wengine. Kwa mzee mwenye miguu mibovu, kizingiti kirefu ni gereza.

Mwenye nyumba aambiwe ukweli. Tulijaribu kuficha mara moja na aligundua ndani ya wiki. Siku hizi tunamwambia hivi: "Mama, mtu wetu amepata shida, amekuwa akilala nje. Kikundi chetu kinalipa miezi mitatu leo. Hizi namba mbili za simu ni zetu. Akikosea lolote, usimfukuze usiku, tupigie, tutakuja." Wengi hukubali wakiona kuna mtu wa kumpigia. Hofu yao kubwa ni kuachiwa mgonjwa au maiti bila mwenyewe, na hofu hiyo ina haki. Tunaiandika kwenye mkataba kwamba kikundi ndicho ndugu.

Mkataba uwe wa maandishi, hata ukurasa mmoja: jina la mpangaji mwenyewe liwe la kwanza, kikundi kiwe mdhamini, kiasi cha kodi, tarehe, muda wa taarifa ya kuhama, na saini mbele ya mwenyekiti au mtendaji wa mtaa. Jina la mpangaji liwe lake. Tumeona watu wazima wakiishika karatasi ile wakaisoma mara tatu.

Siku ya kuhamia, ufunguo akabidhiwe yeye, na kama funguo ni mbili, zote mbili. Msibaki na wa akiba. Mnabisha hodi kama mnavyobisha kwa jirani yeyote, na akisema rudini kesho, mnarudi kesho.

Hatua ya 5: Siku tisini

Kikundi kimteue msindikizaji mmoja, na mwingine wa kumpokea akiugua. Wiki mbili za kwanza msindikizaji hufika kila siku, hata dakika kumi. Hadi mwisho wa mwezi wa pili, mara tatu kwa wiki. Mwezi wa tatu, mara moja kwa wiki na simu.

Tarajieni mambo ambayo hayaeleweki kirahisi. Wengine hulala sakafuni pembeni ya godoro wiki nzima. Wengine huacha mlango wazi usiku kwa sababu ukimya unawatisha. Wengi hurudi barazani usiku mmoja mmoja kuwaona wenzao, na hao wenzao ndio waliokuwa ndugu zao, kwa hiyo msimkataze. Katika wiki ya pili au ya tatu wengi hushikwa na ugonjwa, kana kwamba mwili ulikuwa unasubiri pa kuangukia. Wekeni pesa ya dharura kwa ajili ya wiki hiyo.

Akilewa, mazungumzo yawe asubuhi. Akiwaleta wenzake wanne kulala chumbani, hilo ni gumu: ni wema wake na ni hatari kwa mkataba. Tunakaa naye na kukubaliana idadi, tunamwambia mwenye nyumba, na tunawaandika wale wanne kuwa wanaofuata.

Chakula mwezi wa kwanza tunatoa kamili, wa pili nusu, wa tatu tunampa mtaji au kibarua na kumwalika kula nasi Jumapili. Kodi inapoanza tena mwezi wa nne, anayeweza kufanya kazi huchangia 10,000, wa tano 20,000, wa sita 30,000, wa saba analipa yote. Mzee au mgonjwa asiyeweza kazi hatumuwekei ngazi hiyo. Kwake mjue tangu mwanzo kwamba mnajifunga kwa muda mrefu, au mzungumze na ustawi wa jamii. Serikali ina makazi ya wazee Sukamahela, Manyoni, mkoani Singida, na njia ya kufika huko hupitia kwa afisa ustawi. Wapo wazee wanaoyapenda. Wapo wanaosema wanakwenda kufia ugenini. Waulizeni wenyewe.

Hatua ya 6: Karatasi

Aliyelala nje muda mrefu karibu daima amepoteza vitambulisho. Bila makazi hakuna barua ya mtaa. Bila barua, kitambulisho cha taifa, cha NIDA, ni kigumu kupata. Bila NIDA hasajili laini ya simu. Bila laini hapokei pesa wala simu ya kazi. Chumba ndicho kinachofungua mlolongo huu, kwa hiyo uanzeni wiki ile ile aliyohamia.

Mpangilio wake ni huu: barua ya utambulisho ya mwenyekiti kwa kutumia mkataba wa chumba, kisha taarifa ya upotevu polisi kama alikuwa na kitambulisho, kisha ofisi ya NIDA ya wilaya. Mwenye namba ya zamani hata asipoikumbuka anaweza kutafutwa kwa alama za vidole, na hilo huokoa miezi. Ambaye hajawahi kusajiliwa aende na cheti cha kuzaliwa, ambacho hupatikana RITA, ofisi ya serikali ya kusajili vizazi na vifo, kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya, au nyaraka nyingine kama cheti cha kumaliza shule au cha ubatizo. Msindikizaji aende naye. Foleni ile imewarudisha wengi nyuma kwa aibu ya nguo tu.

Akishahesabika mkazi, jina lake linaweza kuzungumzwa kwenye kikao cha mtaa wakati TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, wanapozitambua kaya hizo. TASAF huhesabu kaya. Asiye na mlango si kaya.

Hatua ya 7: Matibabu

Mpelekeni kupimwa kifua kikuu ndani ya mwezi wa kwanza, hasa anayekohoa zaidi ya wiki mbili. Dawa zake ni bure, humezwa miezi sita, na kulala nje ndiko kunakozikatisha. Kwa matibabu mengine asiyoweza kulipia, hospitali ya umma ina ofisi ya ustawi wa jamii ndani yake inayoweza kumchunguza na kumpa msamaha. Ombeni ofisi hiyo kabla ya dirisha la malipo, na mwende na barua ya mtaa.

Kwa maradhi ya akili Dodoma tuna bahati ya kuwa na Hospitali ya Mirembe, iliyoanza 1927. Aliyeruhusiwa kutoka Mirembe akiwa na dawa zake si mtu wa kuogopwa. Anahitaji kumeza dawa kila siku na kurudi kliniki tarehe ile. Msindikizaji aandike tarehe hiyo ukutani. Mtu aliyekuwa kwenye heroini anaweza kuanzishiwa methadoni katika kituo cha Itega, kilicho chini ya Mirembe. Dawa hiyo hunywewa pale pale kituoni kila siku, kwa hiyo chumba chake kitafutwe upande huo. Mkimpangishia mbali mmemtoa kwenye dawa.

Hatua ya 8: Kazi

Mwanzoni kazi iwe ya malipo ya siku na ya karibu. Kubeba mizigo Soko la Job Ndugai au Majengo, kusaidia mafundi, kufua nguo za watu, kuosha vyombo kwa mama lishe. Mashamba ya zabibu ya Mpunguzi na Hombolo huajiri vibarua wakati wa kupogoa na kuvuna, na mavuno huwa mara mbili kwa mwaka. Kijana anayetaka ufundi aulizwe kuhusu chuo cha ufundi cha VETA Dodoma, lakini baada ya mwezi wa nne, akili ikishatulia. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ipo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ila sishauri mtu aliyetoka barazani juzi aingie deni. Ajiunge kwanza na kikundi cha akiba, aweke shilingi elfu moja kwa wiki, aonekane.

Hatua ya 9: Anayetaka kurudi nyumbani

Karibu nusu ya wazee tuliowapangishia waliomba, baada ya miezi kadhaa, kwenda kwao. Hawakuweza kuomba hivyo walipokuwa wanalala nje. Hakuna anayetaka kurudi kijijini akiwa amechakaa.

Msimpeleke Januari. Januari na Februari ndiyo miezi ya njaa vijijini, akiba imekwisha na shamba bado bichi, na mdomo mmoja zaidi kwenye tembe ni mzigo hata kwa ndugu mwema. Mpelekeni Mei au Juni, mtama ukishavunwa. Kabla ya safari, mtendaji wa kijiji apigiwe, na ndugu mmoja akubali kwa sauti yake mwenyewe. Mwende naye wawili. Asishuke mikono mitupu: debe la mahindi, sukari, sabuni, kanga kwa mama mwenyeji, na godoro lake lile lile la chumbani. Kaeni mpaka chakula cha mchana, sikilizeni anavyoitwa. Kama alikimbia kwa kusingiziwa uchawi au kwa ugomvi wa shamba, mwenyekiti wa kijiji awepo kwenye mazungumzo, na mkisikia maneno yasiyo mazuri mrudi naye siku hiyo hiyo. Kwa hiyo chumba cha mjini msikiachie siku ya safari. Kilipieni mwezi mmoja zaidi.

Wiki ya kwanza pigeni simu, mwezi wa kwanza mrudi kumwona. Akiwa amenenepa na amekwisha kuanza kugombana na jirani kuhusu mbuzi, mrudi mjini, mfunge hesabu ya chumba kwenye daftari, na mpeleke ufunguo kwa yule aliye wa kwanza kwenye orodha.